Projekta moja, wanafunzi 74, na bando la mwalimu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha Jiografia kidato cha pili katika shule ya kata huku Tandahimba, mikondo mitatu, na mkondo mkubwa una wanafunzi 74. Mwaka huu wazazi walichanga tukapata projekta. Intaneti ya shule ni bando la simu yangu. Nikifungua video YouTube inaganda katikati ya kipindi, inazunguka weee, na nyuma kelele zimeshaanza. Wenzangu wananishauri nifungue grupu la WhatsApp la wanafunzi niwe narusha video na noti humo. Halafu nimenunua waya wa kuunganisha simu na projekta, picha haitoki kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama, mwalimu. Nianze na waya, maana huo umeshakula hela yako.

Waya huenda ni mzima. Matundu ya chaji ya Type-C yanafanana kwa sura tu. Kuna simu ambazo tundu lake limejengewa njia ya kutoa picha, na kuna ambazo linapitisha chaji na mafaili basi. Simu nyingi za bei ya chini ziko kundi hili la pili, na hakuna mpangilio wala programu ya kulibadilisha. Muuza duka hakuambii hayo kwa sababu aghalabu na yeye hajui. Kama risiti unayo, urudishe.

Sasa zunguka nyuma ya projekta yako. Nyingi zina tundu la USB. Chukua flashi, weka video moja ya MP4 (aina ya faili la video), ichomeke, kisha chagua USB kwa rimoti. Ikicheza, umemaliza, huhitaji simu wala kompyuta darasani. Ikigoma, angalia kama inasoma picha tu. Zipo projekta za hivyo, na hapo itabidi uazime laptopu ya ofisi na waya wa HDMI, ule wa kupitisha picha. Ijaribu leo baada ya kipindi cha mwisho, usingoje wanafunzi wakiwa wamekaa.

Video kuganda dawa yake ni moja: usitegemee intaneti ukiwa ndani ya darasa. Hata sisi tulio mjini Mtwara kwenye minara mingi tulionja Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua karibu nchi nzima. Mwenye somo lake kwenye flashi siku zile alifundisha. Tena piga hesabu: video ya dakika 5 ya ubora wa kati inakula kama MB 30 hadi 40. Ukiifungua kwa mikondo mitatu umeilipia mara tatu. Ukiwa nayo kwenye flashi umeilipia mara moja, na mwakani bado unayo.

Angalizo hapo: ukibonyeza kitufe cha kupakua cha YouTube, video inabaki ndani ya programu ile, haihamii kwenye flashi, na kuichomoa kwa programu za pembeni ni kinyume cha masharti yao. Kwa hiyo chimba kwingine. Tovuti ya Wikimedia Commons ina picha, ramani na video ambazo zimeachwa zitumike bure. Na kama shule ina hata kompyuta moja kuukuu, weka Kolibri. Ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: unapakua masomo mara moja ukiwa penye mtandao, yakiwemo ya Khan Academy, shirika la masomo ya bure mtandaoni, kisha yanafunguka bila bando. Mengi yako kwa Kiingereza chenye lafudhi ambayo watoto wetu hawaipati vizuri. Mimi nazima sauti, nasimulia mwenyewe. Inaniokoa pia na kubeba sabufa, kwani spika ya projekta huwasikilizisha walio dawati la mbele tu.

Lakini kwa Jiografia, mwalimu, nisikufiche, video bora utaipiga wewe, na mara nyingi si video, ni picha mbili. Chukua mada ya kujaa na kupwa kwa maji. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde una wanafunzi ambao bahari wameisikia tu. Siku ukishuka Mtwara, angalia mwezi uwe mpevu au mwandamo, ndipo linapokuja bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Nenda Mikindani mnamo saa nne asubuhi. Maji yatakuwa mbali huko, mitumbwi imelala ubavu kwenye matope, kina mama wanaokota chaza. Simama mahali ambapo utapakumbuka, tuseme kwenye kona ya ukuta, piga picha. Rudi saa kumi jioni, simama palepale, piga tena. Mtumbwi uleule unaelea. Tofauti ya maji siku za bamvua inapita mita 3, yaani karibu kimo cha dari la chumba chako cha darasa.

Darasani onyesha ya asubuhi peke yake. Uliza: huu mtumbwi utatokaje hapa? Waache wabishane, dakika tano nzima, kwa Kimakonde wakitaka. Mmoja atasema unasukumwa, mwingine watasubiri mvua. Ndipo ufungue ya pili. Nimeona darasa likinyamaza kwa picha hiyo kuliko kwa video yoyote yenye muziki. Kisha zima projekta, chora mwezi, dunia na jua ubaoni kwa chaki, wao wachore madaftarini. Kazi ya projekta siku hiyo itakuwa imechukua pengine dakika mbili.

Kama safari ya kushuka haipo, mwombe mwalimu mwenzako aliye pwani akupigie. Mwambie akutumie kama dokumenti, siyo kama picha, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha ya kawaida. Kwenye kioo cha simu hutajua, ukutani itakuwa ukungu. Na pazia kama hamna, vitenge viwili dirishani na kipindi cha asubuhi vinatosha.

Grupu la wanafunzi: sikushauri. Nililifungua mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Watoto hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo nusu ya namba zilikuwa za kaka, shangazi, baba mdogo. Usiku mmoja, saa tano, ikaingia picha ya uchi kutoka kwenye simu ya kaka mtu. Nilikuwa nimelala. Asubuhi nikakuta wazazi wawili wananisubiri getini, na kila aliyekuwa mle ana namba ya kila mtoto wa kike darasani. Nimeliweka wazi hili kwa sababu wanaoshauri magrupu huwa hawalisemi. Tena tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya mtoto ni taarifa binafsi.

Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, na iwe ya wazazi. Inabeba watu hadi 256, kila mzazi anapokea kama ujumbe wake peke yake, haoni namba za wengine, akijibu anakujibu wewe tu. Sharti ni kwamba awe ameihifadhi namba yako, la sivyo hapati; hilo lifanye kwenye kikao, simu mkononi. Humo tuma sauti badala ya video. Maelezo ya dakika 3 kwa sauti hayafiki MB 1, na bibi asiyesoma anayasikia. Matokeo ya mtihani usirushe kwenye grupu lolote, hata la wazazi. Kila mmoja mtumie ya mwanawe.

Wenye vitochi, simu ndogo za vitufe, watabaki nje ya WhatsApp, na kwa hapo kwenu nadhani ni wengi. Hao watumie meseji ya kawaida, mistari miwili, swali moja ambalo mtoto atalijibu kwa mdomo nyumbani: "Muulize mwanao kwa nini mtumbwi ulilala asubuhi ukaelea jioni."