Nipate wapi tafsiri aminifu ya Yoga Sutra?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimefanya mazoezi ya yoga kwa miaka minne, na sasa natamani kusoma chimbuko lake, Yoga Sutra, yaani semi fupi za kale za Patanjali. Kisanskriti sikijui, ila Kiingereza nakimudu vizuri. Nimeazima tafsiri mbili. Katika sutra ya pili ya sura ya kwanza, moja yasema yoga ni kuzuia mawazo yote. Nyingine yasema ni kupata amani ya ndani na kuungana na ulimwengu. Hiki ni kitabu kimoja kweli? Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu ni kimoja, na kwa sutra hiyo usimwamini yeyote kati ya hao wawili.

Itazame yenyewe: yogas chitta-vritti-nirodhah. Ni maneno manne tu. Chitta ni nafsi yote inayowaza, na hapa sisi tuna bahati, maana tunaposema mtu “amesema moyoni” tunajua kuwa moyo hufikiri. Kiingereza hutenga moyo na akili. Vritti ni mizunguko au mawimbi ya hiyo chitta. Nirodha ndilo neno gumu: wapo wanaolifasiri kukandamiza, wapo wanaosema kuzuia, wengine kukoma au kutulia. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyesoma “kukandamiza” atakaa chini apigane na kichwa chake. Aliyesoma “kutulia” atakaa namna nyingine kabisa.

Sasa, “amani ya ndani” na “ulimwengu” viko wapi katika maneno hayo manne? Havipo. Wala “yote” haipo, na hilo wazee walishaliona. Ufafanuzi wa kale unaohesabiwa kuwa wa Vyasa unasema waziwazi kwamba kwa kuwa neno “yote” halikutajwa, hata samadhi, yaani utulivu wa kina wa kutafakari, ambayo bado ina kitu inachokitambua huitwa yoga. Yaani mfafanuzi alisimama mbele ya neno lisilokuwepo, akaliona pengo lake, akalifanyia kazi. Mfasiri wako wa kwanza amelijaza pengo hilo kwa neno moja, na kwa neno hilo ameifuta nusu ya safari.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Kwa miaka miwili nilisoma kijitabu chembamba ambacho sutra ya 46 ya sura ya pili ilichukua karibu ukurasa mzima: kunyoosha uti wa mgongo, kupumua, kuupenda mwili. Nikapigia mstari wa penseli sentensi moja na kuwasomea wanafunzi wangu mara nyingi kama maneno ya Patanjali. Siku nilipopata chapa yenye Kisanskriti nikakuta maneno matatu: sthira, sukham, asanam. Thabiti, raha, kikao. Kikao kiwe thabiti na chenye raha, basi. Sentensi yangu ilikuwa ya mfasiri. Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ya Patanjali, na mimi nilikwisha kuigawa kwa watu.

Kwa hiyo tafuta tafsiri inayokuonyesha ilivyofanywa: Kisanskriti chenyewe, matamshi yake kwa herufi za Kirumi, maana ya kila neno, tafsiri, kisha ufafanuzi ukiwa umetengwa ili ujue nani anasema nini. Ninayokushauri uanze nayo ni ya Edwin Bryant, ya mwaka 2009. Ni nene, kwa sababu baada ya kila sutra anakuletea mjadala wa wafafanuzi wa jadi, na ndiyo maana naipenda. Sutra zenyewe ni 195, katika chapa nyingine 196. Bila wafafanuzi nyingi zimefumbwa mno. Ya kulinganishia ni ya James Haughton Woods ya mwaka 1914, yenye ufafanuzi wa Vyasa na wa Vachaspati Mishra, mfafanuzi wa baadaye. Kiingereza chake ni kigumu kama jiwe, lakini harembi.

Ukitaka maandiko ya hatha yoga, yanayozungumzia mwili na pumzi kwa kina, jihadhari na chapa za mwanzoni mwa karne ya 20. Zimo zilizoruka beti za vajroli, zoezi linalohusu mbegu za uzazi, kwa kuona haya. Kuona haya si kosa, lakini msomaji ana haki ya kujua kilichoachwa. Kati ya maandiko hayo, Shiva Samhita na Gheranda Samhita zote zimetafsiriwa na James Mallinson, Kisanskriti kikiwemo. Yeye na Mark Singleton walitoa pia Roots of Yoga mwaka 2017, mkusanyiko wa dondoo kutoka maandiko mengi. Huo utakuonyesha kwamba Patanjali hakuwa peke yake.

Usisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo. Anza na sutra nne za kwanza, kisha ruka uende sura ya pili, sutra ya 46 hadi 48, ambapo asana, yaani vikao, zinatajwa, uzipime na miaka yako minne ya mazoezi. Ukikwama, niandikie namba ya sutra pamoja na neno lenyewe la Kisanskriti, tulitazame pamoja.