Macho Yanayowasha kwa Kusoma Vitabu kwenye Simu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 43 na ninasomea shahada jioni. Vitabu vyetu vyote ni vya PDF, nami huvisoma kwenye simu ndani ya matatu, kisha usiku kitandani, taa ikiwa imezimwa ili watoto walale. Baada ya kurasa kumi hivi macho huwasha, herufi hufifia na kichwa huuma juu ya nyusi. Mchuuzi mmoja mjini ameniambia kwamba miwani ya kuzuia mwanga wa buluu itanitibu. Je, niinunue?
Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, pesa hizo zihifadhi kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 17, haukupata dalili kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, angalau kwa muda mfupi. Mwanga huo unasingiziwa mengi.

Macho huwasha kwa sababu hukauka. Kwa kawaida mtu hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini hupepesa mara chache zaidi, na mara nyingi kope hazifumbi kikamilifu, hivyo machozi hayatandazwi ipasavyo. Kila baada ya dakika 20, inua uso, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20, kisha ufumbe macho kikamilifu mara kadhaa.

Hata hivyo, mimi ningeanza na hiyo PDF. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, ilhali skrini ya simu nyingi haizidi sentimita saba, kwa hiyo ukurasa mzima unapojibana humo, herufi za pointi 12 hubaki na ukubwa wa pointi nne, ambazo hata kijana angezisoma kwa kukunja uso. Ukizikuza, mstari hutoka nje ya kioo, ukawa unausukuma kushoto na kulia hadi unasahau sentensi ilikoanzia. Geuza simu ilale, au, ikiwa kitabu kinapatikana kwa muundo wa EPUB, kichukue hicho, kwa kuwa maneno yake hujipanga upya kila unapoongeza ukubwa wa herufi. Kisomeo cha wino wa kielektroniki, yaani kifaa cha kusomea vitabu ambacho skrini yake hufanana na karatasi, huakisi mwanga kama karatasi na hutuliza macho ya wengi, ila bei yake si ya mshahara wa kila mtu, na kile kidogo hakitakuondolea shida ya PDF.

Umri wako nao una neno. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu, na kuona vitu vya karibu huwa kazi. Ikiwa siku hizi unanyoosha mkono ili usome ujumbe, kapimwe macho. Huenda unahitaji miwani ya kusomea, ambayo ni tofauti kabisa na ile ya mchuuzi.

Usiku, washa taa ndogo nyuma yako na upunguze mng'ao wa simu ulingane na mwanga wa chumba. Maandishi meupe juu ya weusi yajaribu tu. Wenye astigmatizimu, yaani kasoro ya mpindo wa jicho inayofanya mtu aone ukungu, huyaona yakitawanyika.

Ndani ya matatu simu hutikisika, na jicho hulazimika kuitafuta herufi upya kila mara. Safari hiyo itumie kusikiliza mihadhara uliyoirekodi.