Barua kwa mwanangu aliyeuliza tungojee nani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mlibishana na wenzako kazini mpaka muda wa mapumziko ukaisha: mmoja anashikilia kwamba nchi haibadiliki mpaka atokee kiongozi mwenye maono, mwingine anasema viongozi ni povu tu, wimbi ni wananchi. Kisha ukanigeukia mimi: "Mama, wewe umeona mengi. Ni nani hasa anayegeuza jamii, na sisi tungojee nani?"

Kuona sijaona mengi kiasi hicho, nimesikiliza redio sana. Ila nitakujibu, na nitaanzia kwenye kitu ninachokijua kwa vidole vyangu hivi, yaani mashine ya kudurufu.

Nyinyi mnaobonyeza kitufe karatasi ikatoka hamjui adha ya stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Unatoa utepe kwenye taipureta ili herufi zikate nta. Ukikosea herufi moja unapaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena. Kisha unaifunga kwenye mashine na kuzungusha mkono, karatasi moja moja, wino unaingia hadi kwenye kucha. Kudurufu nakala mia tano tu ni kazi ya kuumiza bega.

Ndiyo maana habari ya Montgomery, kule Alabama, Marekani, kwangu haianzi na Martin Luther King. Inaanza na mwanamke aitwaye Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Usiku uleule Robinson aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakadurufu hadi alfajiri makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwaambia watu weusi wasipande mabasi Jumatatu. Makumi ya maelfu, baba! Mimi nikisoma hapo nasikia bega langu likiuma.

Na halikuwa jambo la kuzuka. Robinson na wanawake wa baraza lao walikuwa wamekwisha kumwandikia meya mwezi Mei 1954 kumwonya kwamba mgomo unaweza kuja. Machi 1955 msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa lilelile la Rosa Parks, na mji haukutikisika. Jumatatu ya tarehe 5 Desemba mabasi yalipita bila abiria weusi, na mchana ule ndipo viongozi walipokutana kumchagua mwenyekiti wa umoja wao mpya. Wakamchukua mchungaji wa miaka 26, mgeni kidogo pale mjini, ambaye alikuwa hajapata muda wa kujitengenezea maadui. Huyo ndiye King. Alikuta watu wameshashuka kwenye mabasi. Kazi yake, na haikuwa ndogo, ilikuwa kuwafanya wasirudi kwa siku 381, wakati nyumba yake mwenyewe ilipigwa bomu mke na mtoto wakiwa ndani.

Kwa hesabu hiyo rafiki yako wa povu atapiga makofi. Mwambie asubiri.

Mwaka 1985 Nelson Mandela alikuwa amefungwa zaidi ya miaka ishirini. Baada ya kufanyiwa upasuaji hakurudishwa kwa wenzake pale gereza la Pollsmoor, akawekwa peke yake. Mtu mwingine angelalamika. Yeye aliona ni nafasi ya kufungua mazungumzo na serikali ya makaburu, na aliamua bila kuwauliza wenzake, kwa sababu alijua wangemkatalia. Hapo hakukuwa na wimbi lililombeba. Kuna waliosema amewasaliti. Upande wa pili, F.W. de Klerk, rais wa Afrika Kusini, hakuwa mtu ambaye ungemdhania. Alikuwa mwana wa chama kilekile kilichojenga ubaguzi. Lakini tarehe 2 Februari 1990 alisimama bungeni akaviondolea marufuku vyama vya ukombozi, na siku tisa baadaye tulikuwa tumezunguka redio tukimsubiri mzee Mandela atoke gerezani. Vikwazo, migomo na moto wa vitongojini vilikuwa vimeibana serikali, hilo halina ubishi. Hata hivyo serikali nyingi zimebanwa zikachagua kupiga risasi tu, mwaka hadi mwaka.

Nikafikia mahali ambapo sikubaliani na wenzako wote wawili. Kiongozi naona nimpime kwanza kwa kile alichoweza kukifanya akajizuia asikifanye, ndipo nihesabu alichokijenga.

Chukua Berlin. Ukuta wa kuwazuia watu wa Ujerumani Mashariki wasivuke kwenda Magharibi ulisimama tangu Agosti 1961. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, mji wa Ujerumani Mashariki, wakijua wanaweza kuuawa, kwani Juni ya mwaka uleule jeshi lilikuwa limewamiminia watu risasi Beijing. Leipzig hakuna aliyefyatua. Mwezi mmoja baadaye, jioni ya tarehe 9 Novemba, msemaji wa chama tawala, Günter Schabowski, akasoma mbele ya waandishi wa habari karatasi kuhusu ruhusa mpya ya kusafiri. Hakuwapo ilipojadiliwa. Ilipaswa kuanza kesho yake, kwa utaratibu wa kuomba viza. Alipoulizwa inaanza lini, akapekuapekua makaratasi yake na kujibu kwamba anavyoelewa yeye ni sasa hivi, bila kuchelewa. (Miaka yangu yote ofisini nimewaambia mabosi: soma barua kabla ya kuisaini.)

Watu wakamiminika mpakani. Kwenye kizuizi cha Bornholmer Straße alikuwapo afisa mmoja, Harald Jäger, akipiga simu kwa wakubwa zake tena na tena. Hakupata amri yoyote ya maana zaidi ya kuwaachia wale wanaopiga kelele zaidi na kuwagongea muhuri wa kuwazuia kurudi. Umati ukazidi kukaza. Kiasi cha saa tano na nusu usiku akaamuru lango lifunguliwe. Yeye na watu wake walikuwa na silaha. Na zaidi ya askari laki tatu wa Kisovieti walikuwa kwenye kambi zao ndani ya nchi hiyohiyo, na Gorbachev, kiongozi wao kule Moscow, hakuwatoa. Sasa niambie, usiku ule kiongozi alikuwa nani?

Tanzania nayo ina mfano wake, wa kimyakimya, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Rais Mwinyi aliunda tume mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke kuuliza kama watu wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 walisema kimoja, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume ikapendekeza vingi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa baba wa chama hichohicho, alikuwa ameshasema hadharani kwamba mfumo wa chama kimoja si msahafu. Julai 1992 sheria ikabadilika. Watawala wangeweza kujifunika na ile asilimia 80 wakalala usingizi. Kwamba hawakufanya hivyo nawapa sifa, ingawa mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa upande wa wengi na nilinuna wiki nzima.

Wala usidhani kila kona inaelekea kuzuri. Mubarak aliondoka Misri Februari 2011, na Julai 2013 jeshi likatwaa tena madaraka.

Limebaki swali lako la kungojea, nalo linaniuma kwa sababu hujui jambo hili. Zamani, kazini kwetu, mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Wenzangu waliandika malalamiko, wakaniletea mimi niyapige stensili kwa kuwa nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Nilikataa. Nilikuwa na wewe mgongoni na niliogopa kufukuzwa. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye kwa taipu alikuwa mzito kama jembe, akasema ataikata yeye.

Jioni ile nilimwachia rimu mbili za karatasi mezani na ufunguo wa chumba cha mashine juu yake, nikaaga nikaenda nyumbani. Asubuhi nilimkuta na wino hadi kwenye viwiko, na rimu moja na nusu ilikuwa imekwisha.

Mama yako