Mkalimani mpya, siri ya mteja si yako

Wadogo zangu mnaoanza ukalimani wa lugha ya alama hapa Mbeya, kuna mteja ambaye darasani hatajwi: dada kiziwi aliyeandikwa mvulana alipozaliwa, na leo anaishi kama mwanamke. Nimemkalimania mmoja kwa miaka. Naandika kwa ruhusa yake, nikiacha yote yanayoweza kumtambulisha.

Anza na dirisha la mapokezi. Karani huita jina lililo kwenye kadi, kwa sauti, na jina hilo ni la kiume. Yeye hasikii, wewe unasikia. Ukimgusa bega asimame, benchi zima linageuka kumtazama mwanamke mwenye gauni anayeitikia jina la kiume. Kwa hiyo fika mapema, mwombe karani akuashirie tu kwa mkono zamu ikifika. Mwambie karani kwamba mteja wako ni kiziwi. Inatosha, na ni kweli.

Kwa daktari, sema kama yeye mwenyewe: "kifua kinanibana", si "anasema kifua kinambana". Muuguzi akikuuliza, "Huyu ni kaka au dada?" usijibu. Hilo swali ni la mwenyewe. Lipeleke kwa mikono kama lilivyoulizwa, subiri jibu lake, ulitamke. Hata tusi lifikishe. Najua litakuuma, lakini ukilificha umeamua kwa niaba yake asijue yuko mbele ya mtu wa namna gani, na dada huyu kachoka kufichwa mambo. Kwao watu wakicheka mezani, akiuliza kuna nini, huambiwa "hakuna kitu".

Viziwi wengi wamekulia hivyo. Tafiti za Marekani zinaonesha zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na huku kwetu mzazi anayejua alama ni wa kutafuta. Lugha aliipata shuleni, bwenini. Wenzake ndio waliompa jina la alama: kidole kinapita juu ya nyusi, penye kovu (hapa nimelibadilisha kidogo). Halina ukaka wala udada, na alipoanza kuvaa gauni hakuna aliyeligusa. Anasema ndilo jina pekee ambalo halijawahi kumuumiza.

Sasa fikirini mdomo wako unaweza kuvunja nini. Viziwi wa mjini wanajuana. Neno likitoka Soweto asubuhi, jioni liko Uyole. Anayesikia akitengwa na majirani atahamia mtaa mwingine na kupiga soga huko. Huyu akitengwa na viziwi wenzake, hana tena wa kuongea naye. Msimzungumzie stendi ya Kabwe hata kwa alama, maana alama zinasomeka toka ng'ambo ya barabara. Video alizokutumia WhatsApp zifute kazi ikiisha, zina uso wake.

Sheria nayo muijue. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Inahusu tendo, si gauni wala jina, ila mtaani wengi hawatofautishi, na maneno yako ya kizembe yanaweza kumfikisha kituoni. Jina linaweza kubadilishwa kwa hati inayoandaliwa na wakili. Jinsia kwenye kitambulisho cha NIDA haina utaratibu huo, kwa hiyo karatasi zitaendelea kumkana. Akitaka ushauri, nenda naye kwa wakili umkalimanie.

Mtasikia pia kwamba apelekwe kwa daktari wa akili. Shirika la Afya Duniani liliitoa hali hii, ya mtu kutojiona wa jinsia aliyoandikiwa, kwenye kundi la magonjwa ya akili katika mwongozo wake wa ICD-11, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022. Na kama imani yako inakuzuia kumhudumia kwa heshima, mwambie mapema, kabla ya siku ya miadi, apate muda wa kutafuta mwingine. Amchague mwenyewe. Huyu wangu kliniki hutaka mkalimani wa kike. Benki, yeyote anayewahi.