Jeshi lianze na mvuvi

Mhariri, mmeuliza jeshi la taifa lisaidie vipi kukabili vitisho vya eneo la kijivu, yaani yale mambo ambayo si vita na si amani, mtu anakudhuru halafu anakana. Mi niko Lamu na jibu langu ni moja, jeshi lijenge imani na wale wanaoona kitu mapema, na huku kwetu hao ni wavuvi.

Crimea, rasi ya Ukraine, 2014 waliingia wanajeshi hawana beji ya nchi yoyote, Urusi ikakana, ilipokuja kukubali mambo yashaisha. Oktoba 2023 nanga ya meli ya mizigo ikaharibu bomba la gesi kati ya Ufini na Estonia, sasa ni ajali ama makusudi? Unabaki unabishana.

Sisi tunalijua hilo vizuri. Juni 2014 Mpeketoni, mji wa huku huku Lamu, waliuawa watu zaidi ya 60, Shabaab wakasema ni wao, serikali ikasema ni mitandao ya siasa ya hapa hapa, basi majirani wakaanza kutazamana kwa shaka, na kusema kweli ile shaka ilitudhuru miaka na miaka.

Ami yangu ni mvuvi wa kamba Kizingitini. Alfajiri moja alirudi akasema kaona chombo kimezima taa, hakina jina wala namba, kinaelekea kaskazini. Nikamuuliza kamwambia nani, akanyamaza, akaendelea kutia kamba kwenye tenga mmoja mmoja. Kwani miaka ile tulipokatazwa kuvua usiku kwa ajili ya usalama ni yeye aliyelala njaa na wanawe, na ukienda kuripoti unahojiwa wewe kama ndo mhalifu, nani atarudi tena?

Estonia waliposhambuliwa mitandaoni 2007 baadaye waliwaingiza mafundi wa kompyuta raia kwenye kikosi cha kujitolea cha ulinzi wao. Hapa mafundi wetu wa bahari wapo, jeshi la maji likae nao, liwape namba ya kupiga, likiambiwa kitu lirudishe jibu, na likitokea jambo liseme ukweli siku hiyo hiyo kabla uvumi haujazunguka WhatsApp. Kukamata watu waachiwe polisi.

Ami simu anayo, ya vitufe, akienda baharini anaitia kwenye kopo lenye kifuniko isilowe. Afisa wa kumpigia awe yule yule mwaka mzima, ajue japo Kibajuni kidogo, na jamani asihamishwe kila baada ya miezi mitatu.