Nimechoka na wodi ya afya ya akili: je, niache uuguzi?

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina umri wa miaka 36, na kwa miaka 11 nimefanya kazi katika wodi ya afya ya akili ya hospitali moja ya serikali. Nilipoanza niliipenda kazi hii kuliko wengi niliosoma nao, lakini siku hizi nikisikia funguo za lango la wodi tumbo hunikatika. Zamu ya usiku tunabaki wauguzi 2 kwa wagonjwa zaidi ya 40. Mwaka huu mgonjwa aliyekuwa amechafukwa alinipiga shingoni kwa mpini wa fagio. Nilipewa dawa ya maumivu, na kesho yake nikaingia zamu kama kawaida. Kinachonitisha zaidi ni kwamba nimeanza kuwajibu kwa ukali ndugu wa wagonjwa, na mgonjwa akilia ninampita bila kuhisi chochote. Likizo ninalala tu, na wiki ya kwanza ya kurudi kazini hali inakuwa ileile. Nina cherehani nyumbani na ninashona vizuri, ila wenzangu wananishauri nifungue ofisi ya ushauri nasaha. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ninamsomesha mdogo wangu, na mama yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Je, niandike barua ya kuacha kazi? Nikiacha nifanye nini, na mama nimwambieje?
Muuguzi, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kama uache kazi, lakini ndani ya swali hilo mna mambo mawili ambayo uchovu umeyachanganya: kutoka katika wodi hiyo, na kutoka katika uuguzi. Kwa maoni yangu la kwanza linapaswa kufanyika, tena mapema, ilhali la pili halifai kuamuliwa na mtu ambaye hata kilio cha mgonjwa hakimfikii tena, kwa sababu kwa sasa kazi yoyote isiyo hiyo itaonekana kwako kuwa nzuri.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linaueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, na halikuuweka katika kundi la magonjwa. Dalili zake zinazotajwa ni 3: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hufanyi tena kazi ya maana. Ukali unaokutisha unaingia katika dalili ya pili. Wewe hujageuka kuwa mtu katili. Akili yako inajikinga kwa kujifunga, na mlango ukishafungwa hauchagui wa kumzuia, ndiyo maana hata mgonjwa mpole anabaki nje. Na kwa kuwa chanzo kiko wodini, likizo haiwezi kukuponya, maana unarudi kuwakuta wauguzi walewale 2 na wagonjwa walewale 40.

Hata hivyo, uchovu wa kazi unaweza kufunika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, na wewe unajua kuitambua sonona kwa wengine kuliko ninavyoijua mimi. Kama hata siku za mapumziko hakuna kinachokufurahisha, kama usingizi na hamu ya kula vimevurugika kwa wiki kadhaa, nenda ukaonane na daktari, ikiwezekana katika kituo ambacho hufanyi kazi, ili usilazimike kumsimulia mtu utakayepokezana naye zamu kesho. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo, na umwambie mtu mmoja nyumbani.

Lile pigo la shingoni nalo halikupaswa kuishia kwenye dawa ya maumivu. Kuumizwa na mgonjwa ukiwa zamu ni ajali ya kazini, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unawahusu watumishi wa umma sawa na wa sekta binafsi. Hakikisha tukio limeandikwa, mwajiri amelitolea taarifa, na madai yamewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Sisemi hivi kwa ajili ya fedha peke yake. Wauguzi wa afya ya akili wamezoea kuhesabu kipigo kuwa sehemu ya kazi, na kipigo kisichoandikwa popote hakimsaidii muuguzi mfawidhi anapoomba kuongezewa watu usiku.

Sasa barua. Ya kwanza iwe ya kuomba kuhamishwa wodi au kitengo, ipitie kwa muuguzi mfawidhi na muuguzi mkuu, na ieleze tukio, miaka uliyokaa wodini na athari za kiafya, ikiambatishwa na maelezo ya daktari ukiyapata. Omba kitengo chenye zamu za mchana, kwa mfano chanjo au kliniki ya baba, mama na mtoto. Ikikataliwa, zungumza na afisa utumishi kuhusu uhamisho wa kituo, ruhusa ya masomo, au likizo bila malipo, ambayo kila moja ina masharti yake. Jambo moja usilifanye hata siku moja: kutoweka. Waliochoka sana mara nyingi huacha tu kwenda zamu, na mtumishi wa umma akikosekana kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 anaweza kufukuzwa, doa ambalo litamfuata hata huko anakotaka kwenda.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali kidogo. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari, kwa hiyo siku utakayoandika barua ya kuacha, mshahara unakoma na hakuna kinachoziba pengo. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, nawe ukiwa na miaka 11 umefikisha takribani 132. Nenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, uulize michango hiyo itahesabiwaje ukihamia kwa mwajiri binafsi anayechangia NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Benki nayo haitakusamehe mkopo kwa sababu umechoka. Muulize afisa mikopo, kabla hujamwambia mtu yeyote kazini, ni kiasi gani kimebaki na marejesho yatakuwaje mshahara ukisimama. Kama deni linakwisha baada ya mwaka mmoja, mwaka huo utumie katika kitengo kingine, ukijitayarisha.

Ushauri wa kufungua ofisi ya ushauri nasaha siuafiki, ingawa najua umetolewa kwa upendo. Utakuwa umebeba mzigo uleule wa kusikiliza maumivu ya watu, safari hii peke yako, bila mwenzako wa kupokezana naye, na bila mshahara mwisho wa mwezi. Labda baada ya miaka 3 au 4 utautamani, leo hapana.

Ulichojifunza wodini kina soko mahali pengine. Muuguzi aliyezoea kumhoji mtu asiyetaka kuzungumza, kuandika ripoti sahihi saa 10 alfajiri na kutunza siri ni mtu anayetafutwa katika miradi ya utafiti wa afya. Kampuni za bima ya afya huhitaji watu wanaojua matibabu ili wahakiki madai ya hospitali. Ukijiendeleza hadi shahada, ukufunzi katika vyuo vya afya unafunguka, na huko ungewafundisha vijana kujikinga na mambo ambayo wewe hukufundishwa kujikinga nayo. Kwa sababu hiyo, lolote utakaloamua, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache ikafa. Endelea kuihuisha na kutimiza mafunzo endelevu yanayotakiwa, hata ukiwa unashona.

Na kushona kwenyewe sikudharau. Ila kushona nguo yako jioni ili kichwa kitulie ni tofauti na kushona sare 60 za shule mwezi wa Desemba, wazazi wakiwa mlangoni na umeme umekatika. Jaribu kwanza ungali kazini: chukua kozi fupi ya ufundi stadi ya VETA kama kuna ujuzi unaokupungukia, pokea oda za watu wasio ndugu zako, wawekee tarehe, na uandike kila shilingi inayoingia na kutoka, pamoja na vitambaa ulivyoharibu. Ukipita msimu mzima wa sare, ukakuta faida inakaribia nusu ya mshahara wako na bado unaipenda cherehani, tutazungumza lugha nyingine.

Kuhusu mama, sidhani kwamba aliuza ng'ombe ili uendelee kupigwa mipini ya fagio. Tatizo ni kwamba hajui kuwa umepigwa. Anayesikia tu kwamba sista wa familia anataka kuacha kazi ya serikali atadhani umerogwa au umeharibu kitu kazini. Mwelezee kwanza tukio lile na hali ya zamu za usiku, kisha umwambie kwamba umeomba kuhamishwa. Mambo ya cherehani yasubiri hadi utakapokuwa na hesabu za kumwonyesha. Anayestahili kuambiwa mapema zaidi ni mdogo wako: akae nawe mbele ya karatasi ya ada, ajue ni muhula upi ambao una uhakika wa kuulipia na upi ambao huna, ili naye aanze kuulizia mkopo wa masomo au kazi ya likizo wakati bado kuna nafasi.