Ukipewa mhusika wa kisasi, usianze na ukichaa

Vijana wengi wanaokuja mazoezini kwetu hapa Bagamoyo, ukiwapa mhusika anayesaka kisasi mpaka anapagawa, kitu cha kwanza ni kuvuruga nywele, kutoa macho na kupiga kelele, na watazamaji wa huku wakiona hivo wanacheka kwa sauti, basi tanzia, yaani mchezo wa huzuni, imeishia hapo. Mi nawaambia ukichaa uache kwanza, tafuta wale wawili waliomo ndani yake wanabishania nini.

Mchukue Medea wa Euripides, mtunzi wa Ugiriki ya kale, tamthilia ya mwaka 431 kabla ya Kristo. Mume kamwacha kaoa binti wa mfalme wa Korintho, naye anaona njia ya kumuumiza ni kuwaua watoto aliozaa nae. Sasa kabla hajaua anausemesha moyo wake, anaubembeleza kabisa, usifanye hivi, waachie watoto, alafu hapohapo anajiona mwoga anarudi kwenye mpango wake, anageuka tena, anaomba mikono ya wanawe aibusu. Na linalonitisha mimi kila nikiisoma ni kwamba anasema wazi anaujua ubaya anaokwenda kuufanya, yaani akili anayo, ila hasira imeizidi nguvu. Dada aliyeicheza hotuba hiyo kwetu nilimwambia asimame palepale, asipige hata hatua, abadilishe pumzi tu, pumzi ya mama na pumzi ya mke aliyedhalilishwa, na uwanja mzima ulitulia.

Hieronimo wa Thomas Kyd, kwenye tamthilia ya Kiingereza The Spanish Tragedy, yeye ni hakimu, watu wanamletea mashauri yao, na huku mwanawe Horatio kauawa na yeye mwenyewe haki haipati. Anafikia kurarua makaratasi ya walalamikaji kwa meno, mzee aliyekuja kumlilia mwanawe anamdhania ndo Horatio. Ukimcheza mwehu tangu mwanzo umeua kila kitu, lazima watu wamjue kwanza hakimu mwenye heshima zake.

Hamlet wa Shakespeare, anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake aliyeuawa na ami yake, ndo mgumu zaidi kwa sababu anawaambia wenzake mapema kwamba atajifanya mwehu, kwa hiyo we mwigizaji inabidi uamue kujifanya kunaishia wapi. Kwangu ni chumbani kwa mama yake, anapomchoma Polonius, mshauri wa mfalme, nyuma ya pazia bila kumwona ni nani, alafu mzimu wa baba unatokea na mama hauoni kabisa, wakati mwanzoni hata walinzi waliuona.

Halafu mwishoni, kabla ya pambano la panga, anamwomba radhi Laertes, mtoto wa yule Polonius, anasema aliyekukosea si Hamlet, ni wazimu wake, na wazimu huo ni adui wa Hamlet pia. Wengi wanaikata hotuba hiyo wawahi kwenye panga, tafadhali msiikate. Mi naamini hapo hadanganyi, na amwambie Laertes usoni kabisa, maana Laertes nae kauliwa baba na kisasi chake kiko palepale karibu, upanga umeshapakwa sumu.